Mzazi akivuka kamba: kwa anayeanza kuchezesha mechi za madogo Dar

Mechi ya watoto chini ya miaka 13 kwenye viwanja vya Mwembe Yanga au Kinesi inaweza kuwa na kelele kuliko mechi ya wakubwa, na sababu inaeleweka: wanaopiga kelele ndio waliowazaa wanaocheza. Mama ameacha genge lake, baba ameomba ruhusa kazini, mjomba ameegesha bodaboda, na wote wamesimama hatua moja kutoka kwenye mstari. Refa anayeanza hufundishwa sheria 17 za mchezo. Namna ya kukaa na hao watu anaachiwa aijue mwenyewe, na wengi huacha filimbi msimu wa kwanza kwa sababu hiyo.

Msimamo wangu nautanguliza: mzazi mshughulikie kupitia kocha wake. Sheria zinakupa mamlaka ya kadi juu ya wachezaji, wachezaji wa akiba na benchi la ufundi. Mtazamaji haonyeshwi kadi. Ukimchomolea mama wa mtu kadi ya njano, uwanja mzima utacheka, na kuanzia hapo kadi zako hazina uzito hata kwa wachezaji. Lakini kocha unaye mkononi. Tangu mwaka 2019 benchi la ufundi huonyeshwa njano na nyekundu kama wachezaji, na aliyekosa kwenye benchi asipotambulika, adhabu humwangukia kocha mwandamizi aliyepo hapo. Mwambie hilo mapema, kwa upole, ili ajue kwamba ukimwita hutanii.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya filimbi ya kwanza. Anza na kamba. Uwanja wa mita 80 kwa 50 unahitaji kamba ya manila mita 160, yaani mita 80 kila upande mrefu, na vigingi 9 kila upande ukiviweka kila baada ya mita 10. Ipige mita 3 nje ya mstari wa pembeni. Mita hizo 3 zinamfanya mzazi asiweze kumshika mchezaji jezi wala kumnong'oneza mwanawe wakati wa mpira wa kurusha, na akivuka kila mtu anaona amevuka. Bila kamba, mstari wenyewe unaanza kubishaniwa, maana kwenye viwanja vyetu vya mchanga chokaa hufutika kabla ya mapumziko. Mwandalizi aupige upya mstari kipindi cha kwanza kinapoisha. Chokaa hai, yaani ile ambayo haijazimwa kwa maji, isitumike kabisa. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni mwa mtoto ni hospitali. Nyuma ya magoli asikae mtu yeyote.

Pili, hela. Posho na nauli ipokee kabla ya mechi kutoka kwa mwandalizi, makocha wote wawili wakiona, au itumwe kwenye simu kabla hujavaa jezi. Posho inayotolewa baada ya mechi, tena na timu iliyoshinda, ndiyo inayozaa neno "refa kanunuliwa", hata kama kiasi ni kile kile mlichokubaliana. Beba maji yako. Soda ya upande mmoja ikatae kwa shukrani, na usipande bajaji moja na timu yoyote kwenda wala kurudi. Mzazi hajui uliongea nini ndani ya bajaji. Alichokiona ni kwamba ulishuka nao.

Wakati wa kukagua uwanja pita pande zote mbili uwasalimie. Refa wa miaka 20 anayesema "shikamoo" kwa wazee wa upande mmoja na kwa wa upande wa pili ameshapunguza nusu ya ugomvi, kwa kuwa ni vigumu mtu kumtukana kijana aliyempa heshima yake dakika 10 zilizopita. Ila salamu iwe fupi, na iwe sawa kwa wote. Ukisimama kupiga soga na upande mmoja, upande wa pili unahesabu dakika.

Sasa vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri. Hakuna hasira kali kwenye soka la watoto kama ya mzazi anayeamini mwanawe wa miaka 12 anakabwa na mtu wa miaka 17, na mara nyingine anaamini sahihi. Utaratibu ni huu. Saa moja kabla ya mechi timu mbili zipange mistari zikitazamana. Fomu zenye picha na nakala za vyeti vya kuzaliwa ziwe mezani kwa mwandalizi, jina moja moja liitwe, mtoto apige hatua mbele, kocha wa upande wa pili alinganishe sura na picha. Akiridhika asaini. Asiporidhika aandike pingamizi hapo hapo: jina, namba ya jezi, sababu. Mwenye pingamizi hana haki ya kumzuia mtoto asicheze, isipokuwa kanuni za mashindano zinasema hivyo. Mtoto anacheza, karatasi inakwenda kwa kamati.

Kelele za kijeba zikianza dakika ya 20, jibu lako kwa kocha ni moja tu: "Kocha, ulisaini, au uliandika pingamizi, liko mezani." Refa hapimi umri kwa ndevu wala kwa sauti. FIFA wenyewe kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 wanatumia picha za MRI za kifundo cha mkono tangu mwaka 2009, na kipimo hicho kinaangalia kama ncha za mfupa zimeshaungana, jambo ambalo halisaidii kutenganisha mtoto wa miaka 12 na wa 14. Basi wewe kwa jicho utafanya nini? Na kitu kimoja usikiruhusu kamwe: mtoto kuambiwa avue jezi mbele za watu wamwangalie makwapa. Hiyo ni aibu anayobeba mtoto peke yake hata kama waliodanganya ni watu wazima. Ukiiona inaanza, isimamishe.

Mechi nyingi za madogo hazina waamuzi wasaidizi wenye mafunzo, kwa hiyo utaomba mzazi mmoja kila upande ashike kibendera. Chagua yule anayeongea sana. Mpe kazi moja tu: kuonyesha mpira umetoka wote nje ya mstari. Kuotea na faulo mwambie waziwazi kwamba ni zako. Akishika kibendera anatulia, maana macho yake yanalazimika kufuata mstari, na upande wake unamtazama yeye pia. Anayeshindwa kutulia, mpokonye kibendera bila hotuba na uendelee peke yako.

Ndani ya mechi, makelele mengi hutoka kwenye mambo matatu. La kwanza ni kuotea. Mzazi hutazama mpira unapopokelewa. Wewe unatazama unapopigwa. Chukua mshambuliaji anayekimbia mita 5 kwa sekunde kwenda golini na beki anayepanda kwa kasi hiyo hiyo. Mpira ukiwa hewani nusu sekunde tu, watu waliokuwa sambamba wameachana mita 5. Mzazi ameiona ile mita 5 kwa macho yake na hadanganyi, ila ameiona kwa kuchelewa. Ndiyo maana kubishana naye hakusaidii. Kinachosaidia ni wewe kuwa pembeni ya mchezo na si nyuma ya mpira, ili ukiamua uonekane ulikuwa karibu. Kumbuka pia kwamba mpira wa kurusha, kona na mpira wa golikiki havina kuotea. Mpira wa kurusha ndio unaoleta zogo zaidi, kwa kuwa watu wazima wengi hawalijui hilo.

La pili ni mkono. Mpira kugusa mkono peke yake si kosa. Unaangalia kama mtoto alikusudia, au kama mkono ulikuwa mahali pasipolingana na mwendo wa mwili na ukaufanya mwili uwe mpana kuliko kawaida. Mkono kwa sheria hii unaanzia usawa wa chini ya kwapa, bega halimo. Lakini aliyefunga kwa mkono wake mwenyewe, hata kwa bahati mbaya, goli halipo. Onyesha uamuzi kwa ishara kubwa: mkono ulioubana mwilini ukimaanisha "ulikuwa hapa", na sauti ya "cheza!" inayosikika mpaka kwenye kamba. Refa aliyenyamaza huonekana hajaona.

La tatu ni jipya. Kuanzia msimu wa 2025/26 golikipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona, na sekunde 5 za mwisho unazihesabu kwa vidole ukiwa umeinua mkono. Wazazi wengi bado wana ile sekunde 6 na mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Waeleze makocha wote wakati wa kurusha sarafu, na kipa mdogo mkumbushe kwa mdomo kabla hujaanza kuhesabu. Mtoto wa miaka 11 haadhibiwi kwa sheria ambayo hakuna aliyemfundisha.

Zikivuka kelele za kawaida, fuata hatua, na usizirukeruke. Kelele za kawaida ni "refa huoni!" na "refa kaa macho!". Hizo ziache zipite, usigeuze hata shingo. Tusi la nguoni, tishio, au neno lolote kwa mtoto wa timu nyingine, hapo unaanza. Subiri mpira utoke nje. Ukiusimamisha ukiwa unachezwa utalazimika kuanza kwa mpira wa kudondosha, wachezaji wengine wote wakiwa mita 4 mbali, na utakuwa umejiletea ubishi wa pili juu ya wa kwanza. Simamisha saa, nenda usawa wa kati, mwite kocha aje kwako. "Kocha, mzee mwenye kofia nyeupe upande wako. Ongea naye. Nakusubiri." Usimnyooshee mzee kidole, usimwendee. Dakika 2 zinatosha.

Akirudia, sasa unasitisha: timu zote ziende kwenye mabenchi yao, wanywe maji, na kocha anaambiwa kwamba mechi haitaendelea mpaka huyo mtu atoke eneo la uwanja. Dakika 10. Mara nyingi hapa wazazi wenzake ndio wanaomtoa, kwa kuwa giza linakaribia na watoto wao wanakosa mpira. Mwandalizi, mjumbe wa mtaa au polisi jamii ashughulike na kumtoa. Wewe hukamati mtu. Hatua ya tatu ni kuvunja mechi. Na kuna mambo yanayokupeleka huko moja kwa moja bila kupitia mbili za mwanzo: mtu kukugusa, kitu kurushwa, silaha, au watu kuingia ndani wasitoke. Usitangaze mshindi. Mechi iliyovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni au waandalizi waamue vinginevyo, na hilo haliko kwako.

Akikujia mwilini, rudi nyuma kuelekea katikati ya uwanja, mikono chini na viganja wazi, usimpe mgongo. Usimguse hata kumtuliza. Filimbi itoe mdomoni.

Mtoto wa mzazi huyo atakuwa ndani ya uwanja wakati yote haya yanatokea. Atainamisha kichwa, au atalia, au atajitia ukali ili ionekane yuko upande wa baba. Mpitie karibu, sema kwa sauti ya chini, "Cheza dogo, wewe hujakosea kitu." Akianza kukurudishia maneno ya baba yake, kanuni za mashindano zikiruhusu mtumie kumtoa kwa muda: asilimia 10 hadi 15 ya muda wa mechi, yaani dakika 6 hadi 9 kwa mechi ya dakika 60. Ni bora mno kuliko nyekundu kwa umri huo. Anakaa, anapumua, anarudi.

Saa nayo huleta ugomvi. Dar jua linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni hivi, na Mei na Juni linawahi kuliko Februari. Mechi ya dakika 35 kwa 35 iliyopangwa saa 10:30 inaisha karibu saa 12. Ikichelewa nusu saa, penalti zitapigwa watu hawaoni mpira, na nusu ya wazazi wanataka kuwahi swala ya magharibi. Jumlisha dakika 3 za kupoza mwili kila kipindi wakati wa joto la Desemba hadi Machi. Kama hesabu haitoshi, kubalianeni na makocha kufupisha vipindi kabla ya kuanza, vyote viwe sawa, na isainiwe.

Mechi ikiisha baki duara la kati mpaka makocha waje. Begi lako liwe kwenye meza ya mwandalizi, si chini ya mti walipokaa wazazi. Video za simu usizitazame, na kwenye kundi la WhatsApp la mashindano usijibu neno.

Ripoti iandike usiku huo huo. Usiandike "alinitukana vibaya" wala "alikuwa mkorofi". Kamati haiwezi kuadhibu sifa. Andika dakika, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, na ulichofanya. Kwa mfano:

"Dakika ya 23, matokeo 1–1. Mwanaume mwenye kofia nyeupe, upande wa timu ya nyumbani, alisema 'refa umekula hela, hutoki hapa'. Nilimwita kocha mpira ulipotoka. Dakika ya 31 alivuka kamba, akaja hadi mita 2 kutoka nilipokuwa. Nilisitisha mechi saa 11:14. Aliondolewa na wazazi wenzake saa 11:20. Mechi iliendelea kwa mpira wa kurusha wa timu ya wageni. Hakuna aliyeguswa."

Nakala moja kwa mwandalizi, moja kwa chama cha waamuzi cha wilaya yako, na moja ipige picha ibaki kwenye simu.