Mwili utangulie, hamu itafuata

Wakati wa korona kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: fanya mazoezi upunguze mawazo. Ushauri ni wa kweli, ila mtu aliyelemewa na mawazo hana hamu hata ya kuoga, sembuse kuruka kamba. Akisubiri hamu ije kwanza, atakaa kitandani mwezi mzima.

Mimi ni muongoza wageni Mlima Kilimanjaro, naishi Pasua hapa Moshi. Machi 2020 tulishusha kundi letu la mwisho. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza nchini akatangazwa, tena Arusha, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa. Hatukufungiwa ndani kwa amri kama nchi nyingine. Nilijitenga mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimetoka kushinda na wageni siku kadhaa, na mama yangu yuko Kibosho, mtu mzima mwenye pumu. Sikuwa tayari kumpelekea ugonjwa.

Basi nikabaki chumbani peke yangu. Mchana nalala, usiku nakodolea dari. Wenzangu wakipiga simu naiacha iite mpaka ikatike. Kodi inakuja, safari hakuna, na hakuna anayejua mlima utarudi lini kuwa na watu.

Kilichonisaidia nilikitoa kazini. Usiku wa kupanda kutoka kambi ya Kibo, kwenye changarawe ile inayorudisha mguu nyuma, mgeni akikata tamaa simtajii kilele cha Uhuru wala mita 5,895. Namwambia, twende mpaka Pango la Hans Meyer tu, pale tutapumzika. Akifika pangoni, namtajia kituo kingine. Sijawahi kumuuliza mgeni saa nane za usiku kama anajisikia kupanda, maana jibu nalijua.

Nikaamua kujiongoza hivyo hivyo. Asubuhi moja nikabandika chai, nikatia kiroba cha sembe cha kilo 10 kwenye begi langu la mlimani (nusu ya kilo 20 anazoruhusiwa mpagazi), nikatoka barazani. Pana ngazi tatu za saruji, ya katikati imemeguka ukingo, kwa hiyo mguu lazima uutazame. Panda, shuka, panda, shuka, mpaka chai ichemke. Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni kwake anachambua mchicha. Akanitazama kwa muda, halafu akasema, "Mwanangu, leo umeamka."

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

Ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu kunisemesha ana kwa ana baada ya muda mrefu. Naamini salamu ile ilinifaa sawa na zile ngazi.

Mawazo hayakuisha, na kodi ilibaki pale pale. Kilichobadilika kwanza ni usingizi: mwili uliochoka kihalali ulianza kulala usiku. Usingizi uliporudi, hamu ya chakula ikafuata, kisha nikaanza kupokea simu. Wataalamu wanakubaliana kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za sonona na wasiwasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Kujua kama ni ya wastani huna haja ya saa ya mkononi: pumzi ikuruhusu kuongea lakini isikuruhusu kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Pole pole tunayowaimbia wageni inatuhusu na sisi.

Kama unawaza kujidhuru, au wiki zinapita na huinuki kabisa, ngazi za baraza hazitoshi. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC umweleze daktari kama ungemweleza malaria.

Naandika haya sasa kwa sababu kila Aprili na Mei mvua zikikaza, safari hupungua, na vijana wengi wa mlimani hujifungia vyumbani vile vile, kimya, bila korona yoyote. Nawajua kwa majina. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, natembea kwa kasi barabara ya kuelekea msitu wa Rau. Viatu vyovyote vinafaa, hata kandambili. Usipotokea nitakupigia, na usipopokea nitakuja kugonga mlango.