Nilivyochagua diski za breki za Corolla 110: vipimo kwanza, boksi baadaye

Ukisimama kaunta ya spea Gerezani au Shauri Moyo, jijini Dar es Salaam, ukaomba diski za mbele za Corolla 110, boksi litatua mezani kabla hujamaliza sentensi. "Hii inaingia 110 zote, bosi wangu." Haiingii zote. Katika ukoo huohuo wa Corolla kuna zilizotoka kiwandani na rimu ya inchi 13 na kuna za inchi 14, na diski zake hazilingani kipenyo wala unene. Isitoshe, gari lenye miaka zaidi ya 20 limeshapita mikono mingi: yupo aliyebadilisha habu (kile kitovu ambacho diski na rimu hufungwa juu yake), yupo aliyefunga kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za gari jingine kwa sababu ndizo zilizopatikana siku ile. Namba ya chesesi inakuambia gari lilitoka Japani na nini. Haikuambii leo limefungwa nini. Kwa hiyo nilianza kwa kufungua gurudumu, nikapima kilichomo, ndipo nikashika njia ya dukani na karatasi mfukoni.

Kufungua si kazi kubwa. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Kalipa inashikwa na bolti mbili za spana namba 14, na breketi yake, ile fremu inayoibeba, bolti mbili za namba 17. Kalipa ifunge kwa waya kwenye springi; usiiache ining'inie kwenye paipu yake ya mpira. Paipu ya zamani hupasuka kwa ndani, kipande cha mpira kinageuka kizibo, mafuta ya breki yanaenda lakini hayarudi, na gurudumu linabaki limeshika hata ukiachia pedali. Hapo utalaumu diski mpya bure.

Diski iliyogandana na habu usiipige nyundo usoni. Ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tia bolti mbili za M8 zenye nyuzi za 1.25, kaza kila moja nusu mzunguko kwa zamu, na diski itatoka yenyewe. Ikigoma, pulizia dawa ya kutu kwenye duara la katikati uisubiri. Nyundo inaumiza beringi, na kelele yake utaisikia wiki mbili baadaye.

Sasa unene. Pembeni au ndani ya kofia ya diski, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, huwa pamechapwa maandishi kama MIN TH 20 mm. Huo ndio unene wa mwisho wa kuitumia; si unene wa mpya, na si unene wa kuanzia kuichonga. Diski ya aina hiyo ikiwa mpya huwa milimita 22, maana yake maisha yake yote ni milimita 2, pande zote mbili zikijumlishwa. Kosa la kawaida ni kupima kwa vernia ukiibana ukingoni. Ukingo una mdomo wa kutu ambao pedi hazijawahi kuugusa, na vernia inaukalia huo mdomo, hivyo diski iliyokwisha inasoma kama nzima. Maikromita ndiyo sahihi. Kama huna, chukua sarafu mbili za shilingi 200, zipime zikiwa pamoja, kisha uziweke moja kila upande wa diski, ndani ya mdomo, upime zote na utoe unene wa sarafu. Pima sehemu sita hadi nane kuzunguka, kama milimita 10 kutoka ukingoni. Kwangu kushoto palikuwa na 20.6 na kulia 19.8. Ya kulia ilikuwa imeshapita kikomo, na diski hubadilishwa kwa jozi, kwa hiyo zote mbili ziliondoka.

Nani hajashauriwa kuchonga? Hesabu ni rahisi: ile ya 20.6 ikipita kwenye mashine ya kukereza na kutolewa 0.4 kila upande, inabaki 19.8, yaani inarudi kwako ikiwa na uso unaong'aa na imeshakwisha. Chuma kilichopungua ndicho kilichokuwa kinabeba joto. Kuchonga kuna maana pale tu ambapo baada ya kazi kutabaki unene wa kutumika juu ya kikomo, si kikomo chenyewe.

Vipimo vya kwenda navyo dukani ni vitano. Kipenyo cha nje: kwangu 255. Unene wa mpya: 22. Tundu la katikati linaloingia kwenye habu. Idadi ya matundu ya nati na nafasi yake: Corolla hii ina manne ya 100, unapima moja kwa moja kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha lililo mkabala. Kwenye matundu matano hakuna lililo mkabala, kwa hiyo pima jirani na jirani: ukipata karibu 58.8 ni 5 kwa 100, ukipata karibu 67.2 ni 5 kwa 114.3.

Cha tano ndicho kinachosahaulika, nacho ni kimo. Lazia diski kwenye meza iliyonyooka, kofia juu, pima kutoka mezani hadi juu ya kofia pale rimu inapokaa. Diski mbili zinaweza kufanana kipenyo, unene na matundu, zikatofautiana kimo milimita chache. Utaifunga, nati zitaingia, kila kitu kitaonekana sawa, lakini diski haitakuwa katikati ya breketi. Pedi ya upande mmoja itabanwa, ya upande wa pili itakuwa na nafasi, au diski itakwangua lile bati la nyuma. Mtu akikuambia "likunje tu hilo bati", rudisha diski dukani. Njia nyepesi kuliko zote ni kwenda na diski ya zamani, kuisimamisha kando ya mpya na kuzilinganisha kwa macho na kwa rula. Nzito kubeba kwenye mwendokasi, najua, lakini inaokoa safari ya pili.

Kuhusu aina, sikusita: diski laini ya kawaida, yenye mapezi ya hewa katikati ya kuta zake mbili, kama ya awali. Zilizotobolewa matundu usoni zinapendeza nyuma ya rimu, ila nyufa huanzia kwenye matundu hayo, na kwa injini ndogo kama hii ya 5A-FE hazikupi chochote. Zenye mifereji zinakula pedi haraka na zina mlio. Nilicholipia zaidi ni rangi. Kuna diski zinazokuja zimepakwa dawa ya kijivu isiyoshika kutu kwenye kofia, ukingo na ndani ya mapezi; pedi huifuta usoni ndani ya kilomita chache, kwingine inabaki. Kwa gari linalolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi, ambako upepo wa chumvi haulali, hiyo ni hela iliyotumika vizuri. Kutu ya ndani ya mapezi ni mbaya kwa sababu haionekani: inaziba njia ya hewa na kula kuta kwa ndani, huku maikromita ikiendelea kusoma unene mzuri kwa nje. Magari yaliyowahi kuzama kwenye maji ya Jangwani yanastahili kumulikwa tochi humo ndani.

Za mtumba kutoka Japani sizikatai moja kwa moja, ila ziingie kwenye mtihani uleule wa unene. Nyingi zinauzwa zikiwa zimebakiza nusu milimita. Na zile zilizotumika mikoa ya theluji, kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na mapezi yaliyoliwa.

Kwa mpya, boksi halinishawishi. Maboksi yanachapishwa. Nilitoa diski nje nikafanya haya palepale kaunta. Nilisoma MIN TH iliyochapwa kwenye chuma na kuilinganisha na ya zamani. Nilizipima unene zote mbili, maana jozi moja inaweza kutofautiana. Nilihesabu mapezi na kutazama kama kuta mbili za chuma zina unene sawa. Ukuta mmoja ukiwa mwembamba, utapata moto kuliko mwenzake na diski itajikunja. Niliomba mizani: kati ya diski mbili za vipimo vilevile, iliyo nyepesi kwa nusu kilo imepunjwa chuma mahali. Kisha niliitundika kwenye kidole na kuigonga kwa spana. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti ya kufa. Baadhi ya mpya zina alama ya E ndani ya duara na namba, idhini ya R90, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spea za breki, lakini hiyo imeanza kudaiwa kwa aina za magari mapya zaidi, kwa hiyo kuikosa kwenye diski ya Corolla ya miaka ya 1990 si dalili ya ubovu.

Pedi nazo ziwe mpya. Za zamani zimeshachukua umbo la mifereji ya diski ya zamani, na zitagusa mpya kwa mistari badala ya uso mzima.

Nije kwenye habu, maana hapa ndipo diski nzuri zinapoharibiwa. Diski mpya ikikaa juu ya kutu, haikai wima. Nilisugua uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kikaonekana, na zaidi kuzunguka shina la kila bolti, ambako brashi haifiki. Halafu nikaifunga diski kwa nati zote nne zenye washa, na kuizungusha mbele ya kile kipimo chenye uso kama wa saa, milimita 10 kutoka ukingoni. Kikomo cha kuyumba ni milimita 0.05. Upande mmoja ulisoma 0.08. Kabla ya kulaumu kiwanda, toa diski, isogeze tundu moja, funga, pima tena. Matundu manne yanakupa nafasi nne za kujaribu, na kosa la diski linaweza kumezana na la habu. Nafasi ya tatu ilinipa 0.03. Nikaweka alama ya rangi.

Kwa nini kuhangaika na kitu kidogo kuliko unywele? Kwa sababu diski isiyokaa wima haitetemi siku ya kwanza. Kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale hata usipokanyaga breki, na baada ya kilomita elfu kadhaa pale pamelika sehemu moja au mbili tu za mia za milimita. Hapo usukani unaanza kutetema ukifunga breki kwenye mwendo wa 80, na mafundi wanasema diski zimepinda. Hazikupinda. Zilifungwa juu ya kutu.

Diski isiyopakwa dawa huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo kisha ukaushe. Petroli si dawa ya breki. Pini za kalipa zitoke, zisafishwe, zipakwe grisi ya silikoni. Pini iliyoganda inakula pedi moja na kuchoma diski upande mmoja. Unaporudisha pistoni ya kalipa ndani, angalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, maana yanababua rangi ya gari. Breketi ilikazwa kwa 88 Nm, kalipa 34, nati za tairi 103, kwa kukatisha msalaba. Mashine ya upepo niliikataa kwa nati: moja hukazwa mara mbili ya mwenzake, na kofia ya diski inavutika. Kama hakuna spana ya kupimia, spana ya tairi na mkono vinatosha. Usipande juu yake kwa miguu.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini.

Kilichobaki ni kuzoesha pedi na diski mpya. Alfajiri ya Jumapili, barabara ya Bagamoyo baada ya Bunju, nilipunguza mwendo kutoka 60 hadi 20 mara kumi, kwa mkanyago wa wastani, bila kusimama kabisa, nikiacha nusu dakika kati. Baada ya hapo dakika kumi za kuendesha bila kugusa breki ovyo, zipoe. Siku hizo za mwanzo, ukitoka mwendo mkali ukakuta foleni ya Mwenge, usilale na mguu kwenye pedali huku gari likiwa kwenye D: pedi ya moto iliyobanwa mahali pamoja inaacha muhuri wake kwenye diski, na muhuri huo utausikia kwenye usukani. Weka N, vuta breki ya mkono. Baada ya kilomita 100 nilikaza nati upya; mbili zilikuwa zimelegea kidogo.