Ile taa nyekundu mliyoiona kwenye picha

Wengi mmeniuliza inboksi ile taa inayomulika mkono wangu pichani ni ya nini. Ni leza, ila si ya kukata wala kuchoma. Hata joto silisikii. Kioo kilinikata mshipa wa fahamu pale kwenye kifundo cha mkono, daktari akaushona, na sasa mtaalamu wa fiziotherapia ananimulika kovuni kabla ya mazoezi, kwa matumaini ya kuusaidia mshipa upone.

Mambo haya yalianzia Hungaria miaka ya 1960, daktari Endre Mester alipoona panya aliowanyoa na kuwamulika kwa leza wakiota manyoya haraka. Kwa mishipa ya fahamu, ushahidi mwingi bado unatoka kwa panya wa maabara, kwa hiyo msinisikie nikiiita muujiza. Mshipa wenyewe huota kama milimita 1 tu kwa siku, basi msinihesabie wiki jamani!

Kidole cha mwisho kimeanza kunichomachoma. Ni dalili kwamba mshipa huenda unaanza kurudi, na mtaalamu kafurahi kuliko mimi.