Ushindi wa Nusu Urefu

Farasi wa mbio Frankel alipokimbia mara ya kwanza huko Newmarket, Uingereza, mwezi Agosti 2010, alimshinda Nathaniel kwa nusu urefu wa farasi tu, na aliyetazama pengo hilo peke yake angemhesabu kuwa farasi mzuri wa kawaida. Mimi simpimi farasi wa miaka miwili kwa pengo, kwa sababu uzito wa ushindi wa mapema hujulikana pale walioshindwa wanaporudi uwanjani: Nathaniel alitwaa mbio kubwa za King George mwaka 2011, kisha zile za Eclipse mwaka 2012. Frankel alistaafu mwaka huo akiwa ameshinda mbio zake zote 14. Nakiri kwamba ni rahisi kusema haya leo, matokeo yakiwa yanajulikana. Siku ile ningechunguza tu kama alimaliza akiwa bado na pumzi.