Fundo Linalofunguka

Jana mama alitoka eda, kile kipindi ambacho mjane hukaa baada ya kufiwa na mumewe. Miezi 4 na siku 10 imetimia tangu baba alipofariki, muda ambao Qurani imeutaja wazi katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 234, na kwa muda wote huo sikuweza kuandika hata mstari mmoja juu yake. Kila nilipoanza niliona kwamba ninaandika sifa zile zile ambazo kila marehemu hupewa: alikuwa mcha Mungu, alikuwa mpole, alipenda watu. Yote hayo yalikuwa kweli kwake, lakini hayamweki baba mbele ya msomaji. Leo najaribu kumweleza kwa kazi moja tu, kwa sababu aliyemjua baba katika kazi hiyo alimjua pia alivyokuwa nyumbani kwake.

Kwa riziki yake baba alikuwa fundi cherehani, na kwa imani yake alikuwa mwosha maiti. Kazi ya kwanza ilitulisha na kutusomesha. Ya pili hakuipokelea chochote kwa zaidi ya miaka 30. Mwanamume alipofariki jirani, au hata mbali kidogo, hodi ilipigwa kwetu, mara nyingi usiku, na baba aliitikia kabla ya mlango kugongwa mara ya pili. Alikuwa na mfuko wake wa kitambaa, alioushona mwenyewe, ambamo kulikuwa na mkasi, kafuri, majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa, pamba, na vitambaa vya kuvalisha mkono wakati wa kuosha. Mfuko huo ulining'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, na sisi watoto tulikuwa hatuugusi, ingawa hakuna aliyewahi kutukataza.

Kumwosha maiti, kumkafini, yaani kumvika sanda, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya, yaani wakitekeleza baadhi ya Waislamu wengine huwa wameondokewa na jukumu, na wasipotekeleza kabisa, dhambi ni ya wote. Wengi wetu huusikia mlango huu wa sheria tukafarijika kwamba kuna watu watakaotutekelezea. Baba aliusikia kinyume chake. Alisema kwamba yeye anafikiria zaidi ile hali ya kwamba pengine usiku huo hakuna mwingine aliyeamka. Alipenda pia hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayeshuhudia jeneza mpaka likaswaliwa ana kirati moja, yaani kipimo cha thawabu, na anayelishuhudia mpaka likazikwa ana kirati mbili, na kwamba kirati hizo ni mfano wa milima miwili mikubwa. Alipoisimulia uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesimulia safari aliyokwisha kuianza.

Nilikuwa na miaka 17 aliponichukua kwa mara ya kwanza. Marehemu alikuwa mzee asiye na jamaa wa karibu, na msaidizi wa baba alikuwa mgonjwa. Nilisimama na birika mkononi nikiogopa kutazama. Baba aliyajaribu maji kwa upande wa ndani wa mkono wake, juu kidogo ya kiganja, kama mtu anayemjaribia mtoto mchanga maji ya kuogea, kisha akayaongeza baridi kidogo. Alitandaza kitambaa kuanzia kitovuni hadi magotini, na tangu hapo kazi yote iliyohusu sehemu ile ilifanyika chini ya kitambaa, kwa mkono uliovishwa. Alianza kwa upande wa kulia na kwa viungo vya udhu, kama Mtume alivyowaelekeza wanawake waliomwosha binti yake: mara tatu, au tano, au zaidi ikihitajika, kwa maji na mkunazi, na mwosho wa mwisho utiwe kafuri. Hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyasoma madrasa. Jambo ambalo sikulisoma popote ni kwamba kila alipotaka kumgeuza yule mzee aliinama karibu na sikio lake na kusema kwa sauti ya chini, "Utuwie radhi, mzee wangu, tunakugeuza."

Njiani tukirudi nilimwuliza kwa nini anazungumza na mtu asiyesikia. Akanijibu kwamba adabu haimngojei mtu asikie. Nikamwuliza kama aliiona alama ile iliyokuwa mgongoni mwa mzee. Akasimama, akaniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilimwona amesitiriwa." Sikumwuliza tena swali la namna hiyo maisha yangu yote, na yeye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuingia nyumbani na habari ya mwili wa mtu.

Sikumwelewa kila wakati. Asubuhi moja ya Idi, sisi tukiwa tumekwisha kuvaa na kumsubiri, aliitwa akaondoka, akarudi alasiri. Nilimnunia siku mbili, na kama kawaida yake hakujitetea. Usiku wa siku ya pili nilisikia mlango wa chumba chetu ukifunguliwa taratibu, akaingia akidhani nimelala, akanifunika miguu iliyokuwa nje ya shuka, akakaa ukingoni mwa kitanda kwa kitambo akiwa kimya. Nilifumba macho, na mpaka leo najuta kwamba sikuyafumbua.

Kwa mama alikuwa vile vile. Bibi Aisha, Allah amridhie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na swala inapofika hutoka kwenda kuswali. Imepokewa pia kwake kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Sijui fundi cherehani mwingine aliyeifurahia hadithi hiyo kama baba. Lakini hakuitumia kujisifu, aliitumia kujikumbusha. Mama alipoanza kusumbuliwa na maumivu ya viungo, vidole vyake vikakakamaa hata asiweze kufunga wala kufungua kamba za viatu vyake, baba alipiga magoti mbele yake kila asubuhi akamfunga. Alimfungia fundo la namna moja tu, lile ambalo ukivuta ncha yake linaachia lote kwa mkupuo, ili akiwa peke yake na miguu imechoka aweze kulifungua bila kumngoja mtu. "Mwenzangu," mama alikuwa akimwambia, "utaumia magoti." Naye alijibu kwamba magoti yake yamezoea kusujudu, hayawezi kulalamikia hili.

Fundo hilo ndilo alilonifundisha kufungia sanda. Sanda ya mwanamume ni vitambaa vitatu vyeupe visivyoshonwa, kama Mtume mwenyewe alivyokafiniwa katika nguo tatu nyeupe za pamba, pasipo kanzu wala kilemba. Baba, aliyeishi kwa kushona mifuko na mapindo, alikuwa akikata vitambaa hivyo kwa jicho tu bila kupima, na sikuwahi kuona vikipungua. Hufungwa kichwani, miguuni na katikati ili visifunuke njiani, kisha kaburini, maiti akishalazwa katika mwanandani, ile nafasi inayochimbwa ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, vifungo hulegezwa. Alinisisitizia kwamba anayefunga ni lazima amfikirie yule atakayefungua: amesimama mahali pembamba, macho yana machozi, watu wanamngoja juu.

Alifariki baada ya swala ya alfajiri, kwa ugonjwa wa moyo uliokuwa ukimpunguza kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Jamaa walitaka kumwita mwosha mwingine ili kunihurumia. Nilikataa, na baba mdogo akakubali kunisaidia. Nililitungua begi lile la kitambaa kutoka nyuma ya mlango, na ndani yake nikakuta kila kitu kimepangwa kama ambavyo angepanga kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

Mwosho wa mwisho mama aliomba aingie. Baadhi ya watu walisita, lakini yeye alikuwa na hoja aliyofundishwa na mumewe mwenyewe: kwamba mke ana haki ya kumwosha mumewe, na kwamba Abu Bakr alioshwa na mkewe Asma binti Umais. Sikuwa na la kumjibu, wala sikutaka kuwa nalo. Akaingia, akaketi karibu na kichwa, akayamimina maji ya kafuri kwa mikono yake miwili, kwa sababu mmoja haukuweza kulibeba birika. Hakulia. Alimpangusa ndevu kwa upande wa leso yake, akasema kwamba ameridhika naye na kwamba Mola pia amridhie, kisha akatoka.

Nilipotaka kumgeuza nilijikuta nimeinama sikioni mwake. "Utuwie radhi, baba, tunakugeuza." Baba mdogo aliyasikia maneno hayo, akaugeuza uso wake ukutani kwa muda.

Makaburini niliteremka mimi. Tulimlaza kwa ubavu wa kulia, na nikaanza kulegeza vifungo nilivyovifunga mwenyewe saa chache kabla, mikono ikitetemeka kiasi kwamba nilihofia sitaweza. Nilishika ncha ya kifungo cha kichwani, nikavuta mara moja, kikaachia chote.