Tulioana Denmark, na karatasi zilizotufikisha huko

Kama wewe na mwenzio mnaishi Ujerumani, mna pasipoti za kwetu na mnataka kuoana kisheria, kuna siku mtu atawaambia "si mwende tu Denmark". Sisi tuliambiwa na dada mmoja wa Kampala tuliyekuwa tunasali naye, na nilivyomsikia mara ya kwanza nilidhani ni njia ya mkato ya watu wenye mambo ya kuficha. Hapana jamani. Ni ndoa halali kabisa, na naandika hii kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza na nusu ya wanaouliza washapewa habari za uongo na madalali.

Kwanza kwa nini watu wanaihama Ujerumani kwenda kuoana kwa jirani. Sheria ya hapa inataka mgeni alete cheti kutoka nchi yake kinachosema hana pingamizi la ndoa, na kama nchi yako haitoi kile cheti kwa namna wanayoitaka wao, Standesamt (ndiyo ofisi ya ndoa ya hapa) inapeleka faili lako kwa rais wa mahakama kuu ya jimbo akusamehe hilo sharti, na ukisamehewa una miezi sita tu ya kufunga ndoa, ikipita unaanza upya. Na kabla hujafika huko wanataka cheti cha kuzaliwa, kitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa, halafu kwa nchi zetu kadhaa cheti hakiaminiwi hivihivi, ubalozi unatuma wakili wake aende mpaka ofisi iliyokitoa, wakati mwingine mpaka kijijini kwenu akaulize majirani kama kweli wewe ni mtoto wa fulani na hujaolewa. Gharama zote juu yako.

Sasa piga hesabu ya sisi wawili, mimi Mpare wa Same, mwenzangu Mkisii wa Kenya, kila mmoja na orodha yake. Mama wa ofisini alitupa karatasi mbili, na ya kwangu ilitaka jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Cheti changu kina majina mawili, pasipoti ina matatu, maana jina la babu liliongezwa nilipoanza shule, na kila Mtanzania anayesoma hapa anajua hii hadithi. Dawa yake ni kiapo cha jina kwa wakili nyumbani, nacho kitafsiriwe, nacho kihakikiwe. Nilitoka mle ndani nimechoka hata kabla sijaanza.

Na kule nyumbani nako kamati zilishaanza kunusa. Mnajua ndoa zetu zilivyo siku hizi, kitchen party, send-off, harusi yenyewe, na kwa kuwa bwana harusi ni wa nchi nyingine basi mara mbili, watu wachange kwenye magrupu mawili ya WhatsApp kwa shilingi mbili tofauti. Mimi sina ugomvi na harusi kubwa, nimechangia nyingi na nimecheza kwenye nyingi. Ila sisi tulitaka kuwa mke na mume mwaka ule ule, hela iliyokuwepo ilikuwa ya chumba na nauli, na sikutaka mama yangu auze ng'ombe ili watu wale pilau.

Denmark wanafanyaje? Tangu mwaka 2019 maombi yote ya wageni yanapitia ofisi moja ya taifa inaitwa Familieretshuset, zamani kila halmashauri ilikuwa inaamua yenyewe. Unajaza fomu kwenye mtandao, unalipa ada (ilianza krona 1,650 na imepanda tangu hapo, kwa hiyo angalia kwenye tovuti yao wenyewe, usimuulize dalali), unapandisha pasipoti zote mbili kurasa zote mpaka majalada, vibali vya kuishi, na ushahidi kwamba nyie ni wapenzi kweli. Hapo kwenye ushahidi usifanye mzaha. Wanatafuta ndoa za makaratasi, hiyo ndiyo sababu kubwa ya maombi kuhamishiwa ofisi moja. Sisi tuliweka mkataba wa nyumba wenye majina yetu wote, picha za miaka tofauti pamoja na ndugu, na cheti cha makazi cha Ujerumani kinachoonyesha hali ya ndoa. Faili likikamilika wanajibu ndani ya siku chache za kazi, na kile cheti cha kuruhusiwa kuoana wanachokupa kinaishi miezi minne, ndani ya hiyo miezi unachagua halmashauri yoyote ikuozeshe.

Wanaokwama mara nyingi wanakwamia hapa: lazima uwe na haki ya kuingia na kukaa Denmark. Kibali cha kuishi Ujerumani kinakuruhusu, viza ya Schengen iliyo hai inakuruhusu. Duldung, ile karatasi ya mtu aliyeahirishiwa tu kurudishwa kwao, haikuruhusu. Ile karatasi ya kusubiri kibali, Fiktionsbescheinigung, ziko za aina zaidi ya moja na siyo zote unaweza kuvuka nazo mpaka, soma kisanduku kilichotiwa alama kabla hujalipa ada. Na kama ulishaachika, wanataka hukumu ya talaka iliyokamilika. Hapa wenzetu wengi wa pwani wanaumia, maana talaka wanayo, imeandikwa vizuri na sheikh, lakini haijapita mahakamani, na kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ndoa inavunjwa na mahakama. Halikadhalika yule aliyefunga bomani akiwa na miaka ishirini na mbili wakaachana kimyakimya kila mtu akaenda zake, huyo bado ni mume wa mtu. Ukisaini tamko kwamba hujaoa na umeoa, hilo ni kosa la jinai na ndoa ya pili inaweza kubatilishwa.

Tulichagua Ærø, kisiwa kidogo cha watu elfu sita hivi, unapanda feri kutoka Svendborg kama saa moja na robo. Wengine wanaenda Tønder kwa sababu ipo karibu kabisa na mpaka, wengine Copenhagen. Sisi ni Wasabato wote wawili kwa hiyo Jumamosi tuliiruka, tukachukua Alhamisi. Siku moja kabla mnaenda ofisini na pasipoti halisi, siyo kopi, na pale mama mmoja mwenye miwani ya kamba alituwekea mbele rasimu ya cheti akasema kwa Kiingereza, someni polepole. Tukasoma kwa kidole. Jina la mume wangu lilikuwa limekosa herufi moja, "o" ya mwanzo, na kwa Mkisii hiyo "o" ndiyo jina lenyewe. Akarekebisha palepale na tabasamu. Tungeligundua tumesharudi Ujerumani, ingekuwa barua za wiki na wiki, kwa hiyo nawasihi, hata kama mna furaha kiasi gani siku hiyo, someni: majina yote, tarehe, mahali pa kuzaliwa, namba za pasipoti.

Kesho yake ndoa ilikuwa fupi, dakika za kuhesabu. Mashahidi wawili wanatakiwa, kama hamna mnawaomba halmashauri, na wetu walikuwa wazee wawili wa kisiwani waliovaa suti kwa ajili ya watu wasiowajua kabisa. Yule bibi alilia. Mimi nikalia kwa sababu yeye analia. Nilivaa kitenge alichonishonea shangazi.

Cheti kinatoka na lugha tano kwenye karatasi moja, Kidenmaki, Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo tafsiri hapa Ujerumani hamlipii. Ila ombeni apostili ya wizara ya mambo ya nje ya Denmark mkiwa bado mna nguvu ya makaratasi, huo ndio muhuri unaofanya cheti kiaminike katika nchi nyingi za nje. Ukirudi unakipeleka ofisi ya makazi wabadilishe hali yako ya ndoa, ofisi ya kodi nayo itabadilisha daraja la kodi, na kama kibali cha mmoja kinategemea mwenzake, idara ya wageni. Lakini sikilizeni: cheti cha ndoa siyo kibali cha kuishi. Mtu aliyekuja na viza ya matembezi akaolewa Denmark kwa kawaida anarudi nyumbani kuomba viza ya kuungana na mwenza, na mara nyingi kwanza afaulu Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza. Dalali anayekuambia vinginevyo anataka hela yako.

Na kuna hili ambalo linaniuma zaidi ya yote. Nyumbani sheikh au mchungaji mwenye leseni akikufungisha ndoa, ndoa hiyo ni ya serikali pia, ndivyo tulivyozoea. Huku siyo hivyo. Nikaha ya sebuleni Hamburg au ibada ya kanisani bila Standesamt ni ndoa mbele ya Mungu, mbele ya sheria ya Ujerumani nyie ni watu wawili tu. Uingereza nako mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2020 kwamba nikaha peke yake haihesabiki kuwa ndoa batili hata, kisheria ni kama hakukuwa na ndoa kabisa. Namjua mama wa Mombasa aliyeishi na mumewe miaka, wana watoto, mume akafa ghafla, na pensheni ya mjane hakuipata kwa sababu kisheria hakuwahi kuwa mke. Dada zangu, fungeni nikaha, fungeni kanisani, lakini na ile ya serikali ifungwe.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya nje kama imefuata sheria za pale ilipofungwa na wahusika walikuwa na uwezo wa kuoana. Kenya nayo, kwenye sheria yao ya 2014, wanaitambua. Mahari pia, sheria yetu inasema kutolipwa hakubatilishi ndoa. Baba yangu hilo analijua na bado alitaka washenga waje, na mimi naona ana haki. Nilimpigia kabla hatujapanda feri, siyo baada, akanyamaza, akauliza huyo kijana ana watu? Mwezi wa kumi na mbili watu wake wakasafiri kutoka Kisii mpaka Same na barua ya posa ya ndoa iliyokwisha kufungwa, na wazee wakakaa kuanzia asubuhi kujadili mbuzi.