Nafasi Mbili za Wana wa Zebedayo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Mathayo 20:20-28. Mwenye muda asome pia Marko 10:35-45, maana tutapita huko.

Mama yao Yakobo na Yohana amesemwa sana mimbarini. Tumeambiwa ana tamaa, ana kiherehere, anataka kuwapitisha wanawe mlango wa nyuma. Lakini msimu huu, matokeo ya S.6, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, yakiwa yameshatoka na majina ya vyuo yakisubiriwa, nimeshindwa kumlaumu. Tazama mstari wa 20 unavyosema: alimwendea Yesu pamoja na wanawe, akamsujudia, akamwomba neno. Hakwenda kwa mganga. Hakutafuta mtu anayemjua mtu ofisini. Alifuatana na wanawe hadi kwa Bwana, na alipoulizwa anataka nini akasema bila kuzungukazunguka: "Agiza kwamba hawa wanangu wawili waketi mmoja mkono wako wa kuume, na mmoja mkono wako wa kushoto, katika ufalme wako."

Nani kati yetu hajaomba hivyo? Zile karatasi za maombi tunazokusanya kwenye mkesha mimi huzisoma. Udaktari, Makerere, udhamini wa serikali: kozi, chuo na mlipaji, vyote katika mstari mmoja. Hamna ubaya. Bwana hakumfukuza yule mama, wala hakumwambia kwamba kuwatakia wanawe makubwa ni dhambi.

Ila angalieni anavyojibu. Mama ndiye aliyeomba, lakini swali linalofuata haliendi kwa mama. Linawaendea vijana: "Mwaweza kunywea kikombe nitakachonywea mimi?" Nao wanajibu wenyewe, "Twaweza." Mama ananyamaza hapo. Mathayo hampi neno jingine hata moja katika mazungumzo yale.

Sasa fungua Marko. Habari ni ile ile, maombi ni yale yale, lakini mama hayumo kabisa. Yakobo na Yohana wanakuja wenyewe na kuomba wenyewe. Wataalamu wa Maandiko wana maelezo yao kuhusu tofauti hiyo, nami siwaingilii. Mimi ni mwalimu wa sekondari tu, na nikizisoma habari hizi mbili pamoja naona nyumba ninazozijua hapa Busia. Nyumba ambayo ukiuliza "nani alitaka kozi ya sheria?" baba anasema mtoto, mtoto anasema mama, na mama anasema mwalimu. Ndoto imezunguka mezani miaka sita mpaka hakuna anayekumbuka ilianzia kwa nani.

Mama mmoja wa ushirika wetu, anauza mukene (dagaa) sokoni, alinijia jioni moja na simu mkononi. Vidole vilikuwa bado na magamba ya samaki, kwa hiyo simu aliishika kwa kipande cha gazeti. Alitaka nimthibitishie ujumbe aliousoma mwenyewe mara nyingi: binti yake amepata nafasi Chuo Kikuu cha Busitema, uhandisi wa mitambo ya kilimo na umwagiliaji. Nikampongeza. Akaanza kulia. "Mwalimu, nimemsomesha miaka yote hii aje aende Busitema? Hapo hapo tu?" Kwake chuo ni Kampala. Chuo kilicho wilaya yetu hii hii, unachokifikia kwa taksi na urudi kupika chakula cha jioni, hakiwezi kuwa chuo. Binti alikuwa amesimama nyuma yake na beseni. Akasema taratibu, "Mama, mimi ndiye niliyeijaza. Namba ya kwanza."

Mama hakujua. Miaka miwili ya A-level, yaani S.5 na S.6, alikuwa akimwombea binti awe nesi, huku binti ameshapeleka ombi lake kivyake.

Nikirudi kwenye somo, kuna neno la Bwana ambalo wazazi tunaliruka haraka: "kuketi mkono wangu wa kuume na mkono wangu wa kushoto, sina amri kuwapa." Nafasi zile zilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu ule haukuvunjwa kwa sababu ya machozi ya mama, hata mama aliyepiga magoti. Naomba nikae hapa kidogo kama mwalimu, kwa sababu watoto wanalaumiwa majumbani kwa jambo ambalo sehemu yake kubwa ni hesabu.

Watahiniwa wa S.6 nchini sasa ni zaidi ya laki moja kwa mwaka. Nafasi za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma ni takriban 4,000. Nyingi huenda kwa waliofaulu zaidi kitaifa, hasa kwa kozi za sayansi. Nyingine hugawanywa kwa wilaya, na chache ni za wanamichezo na watu wenye ulemavu. Maana yake walio wengi, hata waliofaulu vizuri, hawatazipata. Haimaanishi wamelala.

Halafu kuna suala la uzito wa masomo, ambalo wazazi wengi hawajaelezwa. Chuo hakijumlishi pointi tu. Kwa kozi fulani, masomo mawili yaliyo ya lazima huzidishwa kwa tatu, na linalofuata kwa umuhimu huzidishwa kwa mbili. Chukua udaktari, ambako baiolojia na kemia ndizo za lazima, na hapa fizikia ndiyo inayofuata. Mtoto wa kwanza ana B ya baiolojia, B ya kemia na A ya fizikia. Wa pili ana A ya baiolojia, A ya kemia na C ya fizikia. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, kwa hiyo katika masomo makuu wote wawili wana 16. Lakini ukizidisha, wa kwanza anapata 42 na wa pili 44. Mmoja anaweza kuingia na mwingine akabaki nje, nao ni watoto wa kituo kimoja cha mtihani, na mama zao wanakaa benchi moja kanisani. Ukienda nyumbani ukamwambia huyu wa 42, "Mbona mwenzako mwenye pointi kama zako ameingia, wewe ulifanya nini?" umemhukumu kwa sheria usiyoijua.

Mstari wa 24 unasema wale kumi waliposikia, waliwakasirikia wale ndugu wawili. Walikasirika kwa nini? Mimi sidhani ni kwa sababu ya unyenyekevu wao. Walizitaka nafasi zile zile, wakaudhika kwamba wenzao wametangulia kuziomba. Na hapa ndipo sisi kanisa tunapoingia katika habari hii, kwa sababu sisi ndio wale kumi.

Tuna desturi ambayo sijawahi kuipenda. Jumapili baada ya matokeo mtangazaji anaita mbele watoto waliofanya vizuri. Wanapanga mstari, wazazi wanasimama nyuma yao na bahasha za shukrani, pointi zinasomwa kwenye kipaza sauti: 18, 19, 20! Vigelegele. Wakati huo mtoto wa pointi 6 yuko benchi la nyuma, kaja kwa sababu mama yake kamlazimisha. Au hakuja kabisa, na baada ya ibada watu wanamwuliza mama, "Wako vipi? Mbona hatukumwona mbele?" Swali lile si la upendo, tusidanganyane. Kushukuru ni jambo jema, na mzazi aliyepata amshukuru Mungu kwa moyo wote. Lakini shukrani haihitaji pointi kusomwa hadharani. Magazeti yanafanya kazi hiyo vya kutosha, na kundi la WhatsApp la wazazi linamalizia.

Na Zebedayo je? Baba huyu hasemi neno lolote katika Injili zote nne. Mara ya mwisho tunamwona katika Marko 1:20, ameachwa chomboni pamoja na watu wa mshahara, wanawe wakiwa wamemfuata Yesu. Alikuwa na kazi, alikuwa na vibarua, bila shaka alitarajia vijana wairithi. Kimya chake hatujui kilikuwa cha namna gani. Kimya cha akina baba wetu, hicho nakijua zaidi. Baba ameuza ng'ombe wa karo ya S.5, akauza kipande cha shamba kwa karo ya S.6, sasa matokeo yamekuja ya wastani na haongei. Anakula, anatoka, anarudi usiku. Moyoni pengine anapiga hesabu za pesa atakazotoa wapi kama mtoto ni wa kujilipia. Mtoto anasikia kitu kingine kabisa: baba amenichukia. Baba, sema. Hata ukisema tu "sina pesa kwa sasa, tutatafuta njia", umemtoa mtoto gizani.

Nalisema hili kwa uzito. Ukiona kijana amejifungia, hali chakula, amezima simu, anazungumza kama mtu anayeaga, usimwachie maombi peke yake. Kaa naye. Mtafute mtu anayemwamini, mpeleke kituo cha afya. Maombi yaendelee huku mko pamoja naye.

Kwa waliokosa walichoomba, mambo machache ya kujua kabla hamjakata tamaa. Mwenye ufaulu mkuu (principal pass) wa masomo mawili katika mtihani mmoja ana sifa ya msingi ya kuomba digrii. Aliyepata mmoja na subsidiari mbili, yaani ufaulu wa ngazi ya chini yake, anaweza kuanza na diploma, na diploma nzuri humrudisha chuo kikuu baadaye. Ipo bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Inalipa ada ya masomo, hailipi chakula wala malazi, kwa hiyo msipige hesabu nusu. Vipo vyuo vya ufundi. Najua uso mzazi anaoukunja akisikia ufundi. Basi mjue Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, vijana 14 wakifundishwa useremala, ujenzi na umekanika. Na watu wa Nazareti walipotaka kumdharau Bwana walisema nini? "Huyu si yule seremala?"

Kwa wale ambao watoto wao wamepata zaidi ya chuo kimoja na nyumba imegawanyika, mimi nina maoni yangu, mkayapime. Mzazi anayelipa ana haki ya kusema kiasi anachoweza, na aseme wazi, kwa shilingi. Ana haki ya kuuliza kozi ina mwisho gani na kama imesajiliwa. Lakini kumlazimisha mtoto asome uhasibu kwa sababu wewe ulikosa kuwa mhasibu, hapo umemnywesha kikombe ambacho hakuulizwa. Yakobo na Yohana waliulizwa. Jibu lao lilikuwa la haraka, la kijana asiyejua uzito wa maneno yake, na bado Bwana hakuwacheka. Alilichukua jibu lao kama lilivyo: "Hakika mtakinywea kikombe changu." Yakobo alikinywa mapema, Matendo 12 inatuambia Herode alimwua kwa upanga.

Mama yao tunakutana naye tena katika Mathayo 27. Yesu yuko msalabani, na mstari wa 38 unasema wanyang'anyi wawili walisulubiwa pamoja naye, mmoja mkono wake wa kuume, na mmoja mkono wake wa kushoto. Zile nafasi mbili. Kisha mstari wa 56 unawataja wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali, waliomfuata Yesu toka Galilaya na kumtumikia, na miongoni mwao yumo mama yao wana wa Zebedayo. Ombi lake lilikataliwa mbele ya watu, wanafunzi kumi wakanuna, na hakurudi Galilaya kwa hasira. Aliendelea kufuata na kutumikia, hata wanafunzi walipokuwa wamekimbia. Mathayo hasemi alifikiri nini alipowaona wale wawili, huku na huku.

Jumapili hii, kwa makubaliano na mchungaji, hatutaita watoto mbele. Baada ya ibada, vijana wote wa S.6 wabaki, wenye pointi nyingi na wenye chache. Waje na karatasi ya matokeo, na kama wanafikiria mkopo waje pia na kitambulisho cha taifa na barua ya chuo kama imeshafika. Tutakaa nao mmoja mmoja na kuangalia uzito wa masomo yao kwa kila kozi wanayoitaka. Ndugu mmoja anayefanya kazi ya umeme na dada mmoja aliyepitia njia ya diploma hadi digrii watakuwepo kujibu maswali. Akina mama wa ushirika watapika chai na mihogo. Wazazi mnakaribishwa, mje na maswali yenu yote, ila tutaanza kwa kuwauliza watoto.